Muulize Mtafiti: Babu na sigara zake, kahawa ya jana sumu leo dawa, na maswali yenu mengine ya kansa

Haya wasomaji, mwezi huu mmenijazia kansa tupu, na kidogo presha na sukari. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mtu wa epidemiolojia, sitibu mtu. Kazi yangu ni kuuliza kwa nini kundi hili linaugua kuliko lile. Kwa hiyo walionitumia picha za majibu ya vipimo vyao naomba wawapelekee madaktari wao, tena leo, mi hata nikiziangalia mpaka kesho sitawafaa kitu. Waliouliza kuhusu sababu za magonjwa, karibuni tukae.

Shikamoo dokta. Babu yetu kavuta sigara toka ujana wake, sasa anaikaribia 90 na anatembea mwenyewe. Shangazi hajawahi hata kushika sigara, kansa ya mapafu ikamchukua akiwa na miaka 51. Sasa mkisema sigara inaleta kansa mnamaanisha nini? – Mjukuu

Marahaba mjukuu, na poleni sana kwa shangazi. Babu yako sibishani naye, na nitakuongezea: wavutaji wengi kansa ya mapafu hawaipati kabisa. Ila sisi hatuulizi babu ameugua au hajaugua, tunauliza ukichukua wavutaji wengi ukawaweka pembeni ya wasiovuta wengi wanaofanana nao umri na jinsia, upande upi unaugua zaidi, na zaidi kwa kiasi gani.

Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa utafiti wao wa hospitali za London. Walichukua wagonjwa 709 wa kansa ya mapafu, na kwa kila mmoja wakamtafuta mgonjwa mwingine wa jinsia hiyo hiyo na umri wa kufanana ila anaumwa kitu kingine, wote wakaulizwa maswali yale yale. Doll mwenyewe mwanzoni alikuwa anashuku lami ya barabara na moshi wa magari, sigara haikuwa ya kwanza kichwani mwake. Walipohesabu, kwa wanaume 649 wenye kansa ya mapafu wasiovuta walikuwa 2 tu, kwa wanaume 649 wa kulinganishwa nao walikuwa 27. Najua unasema hiyo tofauti mbona ndogo, lakini enzi hizo karibu kila mwanaume pale alikuwa anavuta, ndio maana jambo lilijificha miaka yote hiyo, kitu kinachofanywa na kila mtu ni kigumu sana kukishuku. Na waliovuta nyingi kwa siku walikuwa wengi zaidi upande wa kansa. Doll aliacha kuvuta.

Wabishi hawakukosekana. Wakasema mgonjwa anakumbuka tofauti na mzima, na muulizaji anajua anayemuuliza ni nani. Hoja nzuri tu hizo. Basi 1951 wakawaandikia madaktari wa Uingereza, takriban 40,000 wakajibu wanavuta au hawavuti, halafu watafiti wakakaa kusubiri nani atakufa na atakufa kwa nini, yaani swali limeulizwa kabla ugonjwa haujaja, hapo huwezi tena kusema kansa ndiyo imembadilishia mtu kumbukumbu. Majibu ya kwanza yalitoka 1954, wakaendelea kuwafuatilia hadi ripoti ya miaka 50 mwaka 2004: waliong'ang'ania sigara walikufa kwa wastani miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa kama 3, aliyeacha na 50 kama 6, na aliyeacha na 30 karibu yote 10.

Shangazi yako hapingani na haya. Ugonjwa mmoja unaweza kuwa na milango mingi, kuna moshi wa sigara za wengine, hewa chafu, vumbi la asbestosi, gesi ya radoni inayotoka ardhini. Na kuhusu babu, siku mkikaa naye muulize kitu kimoja: wale rafiki zake waliokuwa wanavuta pamoja ujanani wako wapi? Sisi tunamhesabu babu kwa sababu yupo wa kuhesabiwa.

Watafiti mnatuchanganya. Jana kahawa inaleta kansa, leo inalinda ini, kesho sijui mtasema nini. Nimeacha kuwasikiliza. – Mchovu

Una haki ya kuchoka, na lawama ziende pia kwa wanaoandika vichwa vya habari, utafiti mmoja mdogo ukitoka wao wanaandika "wanasayansi wathibitisha". Ila ngoja nikuonyeshe kosa linavyotokea hata kwa mabingwa.

Mwaka 1981 Brian MacMahon wa Harvard, jina kubwa kwenye fani yetu, yeye na wenzake walitangaza kwamba wanywa kahawa wanapata zaidi kansa ya kongosho. Walikuwa na wagonjwa 369, dunia ikatetemeka, watu na vikombe vyao mkononi. Tatizo halikuwa kwa wagonjwa hata kidogo, lilikuwa upande wa pili, wale wa kulinganishwa nao. Waliwachukua kwa madaktari wale wale waliowalaza wagonjwa wa kongosho, na madaktari hao wengi ni wa matumbo, kwa hiyo wengi kwenye kundi la kulinganisha walikuwa watu wa vidonda vya tumbo na kiungulia, watu ambao kahawa walishaipunguza kwa sababu inawaunguza! Ukimlinganisha mtu yeyote wa kawaida na hao, lazima aonekane mlevi wa kahawa. Tafiti zilizofuata zikatafuta uhusiano ule, hazikuupata.

Mimi nikisoma utafiti siangalii kwanza wagonjwa ni wangapi, naenda moja kwa moja kuona wamelinganishwa na nani, na hao nao wametolewa wapi. Ukiwa na tabia hiyo nusu ya habari za kutisha zinakufia mkononi kabla hujamaliza aya ya pili.

Na kahawa ilipewa haki yake. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO pale Lyon, Ufaransa, mwaka 2016 waliitoa kwenye kundi la vitu vinavyoshukiwa kuleta kansa. Walichokiweka kwenye orodha mwaka huo huo ni vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, iwe kahawa, chai au hata maji, kwa ajili ya kansa ya umio. Acha ipoe kidogo, basi.

Dokta, watu wanaokula mboga na matunda hawapati sana kansa, nimesoma. Si nimeze tu vidonge vya vitamini niwe salama? Navuta kidogo lakini nina mpango wa kuacha. – Mpango Upo

Hapana, na wewe unayevuta hapana mara mbili. Hoja yako ndiyo hiyo hiyo waliyokuwa nayo watafiti. Waliona watu wenye beta karotini nyingi mwilini, ile rangi ya karoti, wanaugua kidogo kansa ya mapafu, wakasema tuwape watu vidonge vyake. Finland wakakusanya wanaume wavutaji 29,133, kompyuta ikagawa kwa bahati nasibu nani ameze beta karotini na nani ameze kidonge kitupu, hakuna aliyechagua. Majibu yalitoka 1994, na waliomeza beta karotini walipata kansa ya mapafu ZAIDI kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na jaribio kama hilo, likasimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake kwa sababu nao waliona waliopewa vidonge wanaugua zaidi.

Imekuwaje? Mla mboga sana si mboga tu. Mara nyingi ndiye anayefanya mazoezi, havuti au anavuta kidogo, hanywi sana, ana hela ya kwenda hospitali mapema. Hayo yote yanaingia kimyakimya kwenye hesabu halafu sifa inachukuliwa na karoti. Tunajitahidi kuyachuja kwa takwimu lakini unachuja tu kile ulichokipima. Bahati nasibu haina shida hiyo, inatawanya hata yale usiyoyajua. Sasa mbona hatufanyi bahati nasibu kwa kila kitu? Kwa sababu huwezi kumwambia mtu wewe kura imekuangukia, vuta pakiti moja kwa siku miaka 20 tuone. Kwa vitu vibaya tunabaki kuangalia watu wanavyoishi wenyewe, ndio maana kazi yetu ina kelele nyingi.

Huo mpango wa kuacha, anza nao. Vidonge baadaye, au kamwe.

Mtaani kwetu wamekufa watu wanne kwa kansa ndani ya miaka michache, na kuna mnara wa simu. Tukienda kulalamika tunaambiwa hakuna ushahidi. Mnalinda makampuni? – Jirani wa Mnara

Poleni, na swali lako sio la kijinga hata kidogo, tena sehemu ya visababishi tunavyovijua leo vilianza na mtu mmoja aliyesema "mbona hawa wote?". Lakini ningekuuliza kwanza ni kansa za wapi. Titi, tezi dume, utumbo, damu? Kama ni nne tofauti hayo ni magonjwa manne, yana njia zake nne. Na kansa yenyewe sio kitu adimu, IARC wanakadiria karibu mtu mmoja kati ya watano duniani ataipata maishani mwake, kwa hiyo ukichora duara lolote lenye watu wa kutosha ndani utawakuta. Ni kama mtu aliyepiga risasi ukutani ovyo halafu akaenda kuchora shabaha pale zilipojikusanya: ukishaona vifo ndipo ukachora mpaka wa mtaa, lazima mtaa uonekane umelengwa.

Kinachotuinua sisi kwenye viti ni kingine. Kule Boston mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari waliona kansa ya uke ya aina adimu sana kwa wasichana, 8 tu, wa miaka 15 hadi 22, umri ambao kansa hiyo karibu haikuwahi kuonekana. Arthur Herbst na wenzake wakatafuta kwa kila mgonjwa wasichana wanne waliozaliwa naye karibu siku moja hospitali hiyo hiyo, jumla 32, wakawahoji mama zao. Mama 7 kati ya 8 walikuwa wamepewa dawa ya DES walipokuwa na mimba, dawa iliyoaminika kuzuia mimba kuharibika. Kwa wale 32 hakuna hata mama mmoja. Makala ikatoka Aprili 1971 na kabla mwaka haujaisha mamlaka ya dawa ya Marekani ikawaonya madaktari wasiwape wajawazito. Watu wanane! Huhitaji maelfu kama ugonjwa ni adimu, ni wa aina moja, na kisababishi kina nguvu hivyo.

Kwa mnara: mawimbi ya redio hayana nguvu ya kukata DNA kama mionzi ya eksirei, na simu uliyoibandika sikioni inakupa mawimbi mengi kuliko mnara wa mbali. IARC mwaka 2011 waliyaweka mawimbi hayo kundi la 2B, maana yake yanashukiwa, ushahidi ni hafifu. Mimi ningekuwa jirani yako ningeulizia kwanza watu wanavuta nini, viwanda vya zamani eneo hilo vilitengeneza nini, na mapaa yana asbestosi au la. Na makampuni silindi, hata sijawahi kualikwa chai.

Nyama ya kusindika imewekwa kundi moja na sigara. Kwa hiyo soseji ni sawa na sigara? – Mla Soseji

Sio sawa. Hilo kundi la 1 la IARC la mwaka 2015 linakwambia tuna uhakika kiasi gani kwamba kitu kinaweza kuleta kansa, halikwambii kinaua wangapi. Makadirio yao: kila gramu 50 za nyama ya kusindika unazokula kila siku zinaongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya nini, hapo ndipo watu wanadondokea. Tuseme kwa mfano kati ya watu 100 ambao hawali, watano wangeipata maishani mwao, wakila kila siku wanakuwa karibu sita. Sigara na kansa ya mapafu haiongezi asilimia 18, inazidisha mara 10, mara 20 na kuendelea. Ukikutana na asilimia isiyokwambia ilianzia wapi, isikunyime usingizi.

Kansa inaambukiza? – Nauliza Tu

Kansa yenyewe haiambukizi, shika mkono mgonjwa, kula naye, mkumbatie, tafadhali sana. Baadhi ya vinavyoisababisha ndio vinaambukiza: kirusi cha HPV kwa shingo ya kizazi (Harald zur Hausen alipewa Nobel 2008 kwa hilo), homa ya ini B na C kwa ini, bakteria wa *Helicobacter pylori* kwa tumbo. Kwa mwaka 2018 ilikadiriwa kansa 13 kati ya kila 100 duniani zilitokana na maambukizi. HPV na homa ya ini B zina chanjo, kwa hiyo hapo tuna kinga halisi ya kansa, kwenye sindano.

Hapa siwezi kumpita Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alianza kuona watoto wenye uvimbe wa taya. Hakuwa na maabara ya maana, alikuwa na maswali na ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakazunguka hospitali za Afrika mashariki na kusini wakiuliza: hapa mnauona? Na waliojibu hapana walikuwa na thamani ile ile ya waliojibu ndiyo. Ugonjwa ukaonekana unafuata joto na mvua, nyanda za juu zenye baridi haupo. Mwaka 1964 kirusi kikaonekana ndani ya uvimbe huo, kile kinachoitwa Epstein-Barr. Ila sasa, kirusi hicho karibu binadamu wote tunacho, kwa nini basi watoto wale? Kwa sababu kulikuwa na malaria isiyoisha nayo inasumbua kinga yao. Ukiwa na kirusi tu unadunda nacho mpaka uzeeni.

Nina miaka 44, nimegundulika na kansa ya titi. Sinywi, sivuti, nimenyonyesha watoto watatu, natembea kila siku. Nilikosea wapi? – Mama wa Watatu

Mama, hukukosea. WHO wanasema karibu nusu ya kansa za titi zinawapata wanawake ambao hawana kigezo cha hatari chochote zaidi ya kuwa mwanamke na kuwa na umri. Pombe, unene, homoni, kurithi, vyote tunavijua na vyote ni kweli kwa maelfu ya wanawake kwa pamoja, lakini hakuna mtafiti anayeweza kukaa mbele yako akasema yako wewe imetoka hapa. Seli zinajigawa maisha yako yote na zinakosea zenyewe bila kusukumwa na mtu. Ulichokuwa unafanya kilipunguza hatari, hakikuifuta, na hakuna kinachoifuta.

Wapo watakaokuja na orodha zao, ungekula hivi, usingevaa vile. Waambie wamuulize mtafiti. Kitu kimoja tu muulize daktari wako: kwa umri wako kama inafaa upimwe vinasaba vya BRCA, vile vya kurithi ambavyo vikiwa na hitilafu vinaongeza hatari ya kansa ya titi, hilo lina maana kwa matibabu yako na kwa dada zako na watoto pia. Nakuombea upone.

Nimeombwa kuingia kwenye utafiti wa presha na sukari, watanifuatilia miaka mingi. Dodoso lina maswali mengi mpaka ya pombe, na wanataka damu. Nikubali? Na niseme ukweli wote? – Mwoga wa Sindano

Ningekuwa wewe ningekubali, ila baada ya kuwauliza maswali. Damu itahifadhiwa wapi, nani ataona jina langu, nikitaka kutoka katikati itakuwaje, mkinikuta na presha mtaniambia? Wakiikunjia uso hata moja kati ya hizo, ondoka. Kujitoa wakati wowote ni haki yako, huhitaji hata kutoa sababu.

Usione unapoteza muda. Mji wa Framingham kule Marekani, mwaka 1948 watu 5,209 wa kawaida tu walikubali kupimwa na kuulizwa kila baada ya miaka miwili. Enzi zile madaktari wengi waliamini presha kupanda na umri ni kawaida ya mwili, haina neno. Ni watu wale, kwa kurudi na kurudi, walioonyesha kwamba presha na kolestro zinatangulia ugonjwa wa moyo, na leo wajukuu zao nao wamo kwenye utafiti huo huo.

Kwenye pombe watu wanapunguza, tunajua. Wewe andika ulivyokunywa kweli, hakuna mchungaji wala shemeji atakayeisoma. Ukipunguza wewe na wenzako wakapunguza, kesho tutaandika kwamba kikombe kimoja kinadhuru kumbe vilikuwa vitatu. Na swali ambalo hulikumbuki, mfano ulikuwa na kilo ngapi ukiwa na miaka 20, usibuni namba ili karatasi ijae. Andika "sikumbuki", tuna sehemu ya hiyo kwenye hesabu. Kuhusu sindano, waambie mapema kwamba unaogopa, watakulaza kitandani na uangalie pembeni.